Jerzy Neyman: Msomi aliyeyapa makosa kipimo

MWEZI wa Aprili mwaka wa 2004, hospitali za Makueni na Kitui zilianza kupokea wagonjwa ambao macho na ngozi zao zilikuwa zimegeuka rangi ya manjano. Maini yao yalikuwa yameharibika, na wengi hawakudumu. Kufikia Julai 20 mwaka huo, watu 317 walikuwa wameorodheshwa kuwa wameugua, na 125 kati yao walikuwa wamefariki dunia. Sehemu kubwa ya waathiriwa walitoka katika wilaya hizo mbili za Ukambani.

Chanzo kilikuwa ghalani. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalikuwa yameota kuvu, na kuvu hizo zikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho na wala haiondoki kwa kuchemsha muthokoi jikoni. Mlaji hana namna ya kuitambua anapoketi mezani.

Hata hivyo, kuishuku sumu ni jambo moja na kuithibitisha ni jambo jingine. Mahindi yalikuwa chakula cha kila boma, la mgonjwa na la asiyeugua. Iwapo mahindi ya waliougua yangepatikana na sumu nyingi zaidi, tofauti hiyo ingeweza kuwa ya kweli. Aidha, ingeweza kuwa sadfa tu ya magunia yaliyochotwa siku hiyo. Wachunguzi wa Wizara ya Afya na wenzao kutoka ng'ambo walihitaji njia ya kupambanua mambo hayo mawili, na walihitaji kuipata huku watu wakiendelea kuzikwa.

Njia waliyoitumia ndiyo ile inayofundishwa katika kila darasa la mwanzo la takwimu, na ambayo huwatoa jasho wanafunzi wengi: upimaji wa nadharia tete na masafa ya kuaminika. Nyuma ya maneno hayo makavu yumo mtu mmoja ambaye, kuliko mwingine yeyote, ndiye aliyeyapa umbo tunalolijua leo. Jina lake ni Jerzy Neyman, Mpoland aliyeanza kazi yake kwa kuhesabu mavuno ya mashamba, akafariki dunia miaka 23 kabla ya msiba huo wa Ukambani.

Neyman alizaliwa Aprili 16, 1894, katika mji wa Bendery, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi na ambao sasa umo katika mipaka ya Moldova. Wazazi wake walikuwa Wapoland wa dhehebu la Katoliki. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alifariki Jerzy akiwa na umri wa miaka 12, na familia ikahamia Kharkiv, mji ulioko Ukrainia ya leo.

Mwaka wa 1912 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kharkiv akiwa na azma ya kuwa mwanafizikia. Azma hiyo haikufika mbali. Mikono yake haikuwa na ustadi wa kushika vyombo vya maabara, na baada ya muda alikubali kwamba mahali pake palikuwa kwenye hisabati. Huko alikutana na mwalimu Sergei Bernstein, bingwa wa nadharia ya uwezekano, aliyemfungulia mlango wa taaluma ambayo haikuwa kipenzi chake hapo mwanzoni.

Ujana wake uliangukia katika vita vikuu vya kwanza vya dunia, kisha mapinduzi ya Urusi na njaa iliyofuata. Mwaka wa 1920 alimwoa Olga Solodovnikova. Siku chache tu baada ya harusi alitiwa kizuizini, kwa kuwa Urusi na Poland zilikuwa vitani na yeye alihesabiwa kuwa raia wa upande wa adui. Aliachiliwa baadaye, na mwaka wa 1921 akavuka mpaka kuelekea Poland, nchi ya wazazi wake ambayo hadi wakati huo hakuwa ameishi.

Nchi hiyo ilikuwa imetoka tu kupata uhuru na haikuwa na nafasi nyingi kwa wanahisabati. Ajira aliyoipata ilikuwa katika taasisi ya kilimo mjini Bydgoszcz. Kijana aliyeota kuhusu hisabati ya hali ya juu alijikuta miongoni mwa wataalamu wa mbegu na mbolea, akiulizwa swali ambalo mkulima yeyote wa Kitui angelielewa mara moja: kati ya mbegu hizi mbili, ipi inazaa zaidi?

Swali hilo huonekana jepesi hadi mtu alijaribu shambani. Chukua mkulima anayepanda mahindi ya Katumani, aina iliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos kwa ajili ya maeneo yenye mvua haba. Akiipanda kwenye kipande kimoja cha ardhi, na kwenye kipande cha pili akapanda mbegu ya kienyeji, kisha Katumani ikamzidishia debe mbili, hajui bado kama debe hizo zimeletwa na mbegu. Huenda kipande cha kwanza kiko chini ya tuta, mahali maji ya mvua yanapotuama. Huenda mwaka uliopita mbuzi walilala hapo wakaacha samadi.

Katika andiko alilolitoa mwaka wa 1923, Neyman alilitazama tatizo hilo kwa jicho jipya. Kila kipande cha shamba, alieleza, kina mavuno ambayo kingetoa kikipandwa mbegu ya kwanza, na mavuno mengine ambayo kingetoa kikipandwa mbegu ya pili. Lakini mkulima huona moja tu kati ya hayo mawili. La pili limefichika milele, kwa sababu msimu haurudi nyuma. Kazi ya takwimu ni kukadiria kile kisichoonekana kwa kutumia kile kilichoonekana, na kusema wazi kadirio hilo linaweza kupotoka kwa kiasi gani.

Mwaka wa 1924 alipata shahada ya uzamifu mjini Warsaw, na mwaka uliofuata akasafiri hadi London kusoma chini ya Karl Pearson, aliyekuwa mkuu wa takwimu duniani wakati huo. Mzee Pearson hakumpa mengi ya kumshibisha. Rafiki wa kweli alimpata kwa mwanawe, Egon Pearson, kijana mpole aliyekuwa amechoka kuishi kwenye kivuli cha baba yake. Urafiki wao uliendelezwa kwa barua kati ya London, Paris na Warsaw, na ndio uliozaa fundisho la upimaji wa nadharia tete.

Mbegu ya fundisho hilo ilitoka kwa mtu wa tatu. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin, naye alishughulika sana na shayiri na sampuli ndogondogo. Katika barua yake kwa Egon mwaka wa 1926, Gosset alidokeza jambo ambalo huonekana dogo likishasemwa. Hakuna maana ya kuitupa dhana fulani kwa sababu tu matokeo ni nadra, iwapo hakuna dhana nyingine inayoyaeleza vizuri zaidi. Ili kupima, ni sharti pawe na pande mbili.

Neyman na Egon Pearson walilichukua wazo hilo wakalijengea nyumba ya hisabati, kwanza katika maandiko ya mwaka wa 1928, kisha katika andiko mashuhuri la mwaka wa 1933. Msingi wa nyumba hiyo ni kukiri kwamba anayeamua kwa kutumia sampuli anaweza kukosea, na kwamba kukosea kwenyewe ni kwa namna mbili zisizofanana.

Mfano hauhitaji kutafutwa mbali. Mkaguzi amesimama sokoni Makueni mbele ya shehena ya mahindi. Anaanza kwa kuchukulia kwamba mahindi ni salama, na hiyo ndiyo nadharia tete inayopimwa. Anachota sampuli, anapima, kisha anaamua. Akiyakataa mahindi ambayo kwa hakika yalikuwa salama, ametenda kosa la kwanza: familia imenyang'anywa chakula katika mwaka wa ukame. Akiyapitisha mahindi ambayo kwa hakika yana sumu, ametenda kosa la pili: familia imeuziwa kifo.

Hakuna awezaye kuyafuta makosa yote mawili kwa sampuli ndogo. Mkaguzi mkali anayekataa kila gunia lenye dalili yoyote atapunguza vifo, lakini atazidisha njaa. Mkaguzi mlegevu atapunguza malalamiko ya wachuuzi, lakini atajaza makaburi. Ni kama blanketi fupi, ukivuta upande wa kichwa, miguu inabaki wazi. Njia pekee ya kuyapunguza yote mawili kwa wakati mmoja ni kushona blanketi kubwa zaidi, yaani kuongeza sampuli au kuboresha kipimo.

Kwa aflatoksini, jambo hilo lina uzito wa pekee. Sumu hiyo haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi huku mamia ya punje zinazozizunguka yakiwa safi. Mkaguzi anayechota konzi moja juu ya gunia anaweza kuzikosa kabisa punje hizo, akaandika kwamba gunia ni salama. Hapo hakusema uongo, ila sampuli yake haikuwa na nguvu ya kuiona hatari iliyokuwepo.

Neyman na Pearson walipendekeza utaratibu. Kwanza, amua ni kosa lipi ambalo ni baya zaidi kulitenda. Lifanye hilo kuwa kosa la kwanza, ulipangie kiwango kisichozidi, mathalani mara 5 katika kila mara 100. Kisha, miongoni mwa vipimo vyote vinavyotii kiwango hicho, tafuta kile chenye uwezo mkubwa zaidi wa kuepuka kosa la pili. Waswahili husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Neyman aliwaonyesha watu namna ya kuipima nusu hiyo kabla ya kuichagua. Kwa mujibu wa utaratibu huo, yule mkaguzi wa Makueni angepaswa kulibadili swali lake: aanze kwa kuchukulia kwamba mahindi yana sumu, na kuyataka yathibitishe usalama wao.

Mwaka wa 1934 Neyman alihamia London kufundisha katika chuo alikokuwa Egon. Mwezi Juni mwaka huo alisoma mbele ya Chama cha Kifalme cha Takwimu mada iliyobadili namna serikali zinavyohesabu watu na mali zao. Alitumia mfano wa wanatakwimu wawili wa Italia, Gini na Galvani, waliochagua maeneo 29 kati ya 214 ili yawakilishe nchi nzima. Maeneo hayo yaliteuliwa kwa uangalifu ili wastani wake ulingane na wa taifa katika mambo machache. Yalipopimwa kwa mambo mengine, yalienda kombo.

Funzo lilikuwa bayana. Anayechagua sampuli kwa kuamini jicho lake hujidanganya, hata akiwa msomi. Bahati nasibu iliyopangwa vyema ndiyo inayotoa haki, na ndiyo pekee inayomwezesha mpimaji kusema amekosea kwa kiasi gani. Mtu anayetaka kujua hali ya mahindi ya Kitui hawezi kutembelea masoko yaliyo kando ya barabara ya lami pekee, kisha akadai kuwa ameiona Kitui.

Katika mada hiyohiyo, na kwa ukamilifu zaidi katika andiko la mwaka wa 1937, Neyman alileta zawadi yake ya pili: masafa ya kuaminika. Badala ya kutoa tarakimu moja na kuisimamia kana kwamba ni ukweli wenyewe, mpimaji hutoa tarakimu mbili, ya chini na ya juu, na kueleza kwamba njia aliyotumia huuzingira ukweli mara 95 kati ya kila mara 100.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na Neyman alijitahidi sana kuwaonya. Wafugaji nyuki wa Kitui hutundika mizinga ya magogo mitini. Tuseme mfugaji mmoja ana kanuni ya kuchagua miti, na kwamba kwa uzoefu wa miaka mingi mizinga 95 kati ya kila 100 anayoitundika huingia nyuki. Akiutazama mzinga mmoja kwa mbali, ule ulio juu ya mgunga, mzinga huo una nyuki au hauna. Hauna nyuki kwa asilimia 95. Asilimia hiyo ni sifa ya kanuni yake. Si sifa ya mzinga huo. Tofauti ni kwamba mfugaji anaweza kupanda juu akachungulia, ilhali mwanatakwimu, aghalabu, hawezi. Huishi kwa kuiamini kanuni.

Mafundisho hayo hayakupokewa kwa mikono miwili na wote. Ronald Fisher, mwanatakwimu hodari kuliko wote nchini Uingereza, aliyefundisha kwenye jengo lilelile, aliyapinga vikali. Kwa Fisher, kipimo kilikuwa njia ya kupima uzito wa ushahidi dhidi ya dhana moja, na mwanasayansi alipaswa kuachiwa hukumu yake. Kwa Neyman, kipimo kilikuwa kanuni ya kutenda, inayopimwa kwa idadi ya makosa itakayozaa kwa muda mrefu. Uhasama wao ulifikia kiwango ambapo makundi hayo mawili yalikunywa chai katika chumba kimoja kwa zamu, ili yasikutane.

Ugomvi huo haukusuluhishwa hadi Fisher alipofariki mwaka wa 1962. Vitabu vya darasani viliwachanganya wapinzani hao wawili bila kuwaomba ruhusa. Vilichukua kile kipimo cha uzito wa ushahidi kutoka kwa Fisher, vikakiunganisha na makosa mawili ya Neyman, vikavifundisha kama kwamba vilitoka kwa mwalimu mmoja. Mwanafunzi anayechanganyikiwa katika somo hilo leo, iwe Nairobi au katika chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza huko Kitui, asijilaumu kupita kiasi. Amerithi mzozo ambao wenyewe hawakuumaliza.

Mwaka wa 1938, huku mawingu ya vita yakitanda Ulaya, Neyman alihamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa na umri wa miaka 44. Huko aliunda maabara ya takwimu iliyokuja kuwa miongoni mwa vituo vikuu vya taaluma hiyo ulimwenguni. Kisa kimoja cha miaka hiyo husimuliwa hadi leo. Mwaka wa 1939 mwanafunzi wake, George Dantzig, alichelewa kuingia darasani, akanakili maswali mawili yaliyokuwa ubaoni akidhani ni kazi ya nyumbani. Baada ya siku kadhaa alimpelekea mwalimu majibu na kumwomba radhi kwa kukawia. Yalikuwa maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyapatia jibu.

Neyman hakuwa mtu wa kujifungia katika hesabu pekee. Mwaka wa 1942 alitaka kumwajiri David Blackwell, mwanahisabati kijana mwenye asili ya Afrika, lakini ubaguzi wa rangi ukamzibia njia. Hakulisahau jambo hilo. Blackwell alifika Berkeley mwaka wa 1954, akawa profesa na baadaye akaiongoza idara ya takwimu. Katika miaka ya 1960, Neyman aliwachangishia fedha wapigania haki za Wamarekani weusi, na alipinga vita vya Vietnam hadharani.

Aidha, alitumia miaka mingi kuchunguza swali ambalo Mkamba yeyote angependa kusikia jibu lake: je, binadamu anaweza kuyalazimisha mawingu kunyesha? Makampuni na wanasayansi wa Marekani walidai kwamba kunyunyizia mawingu kemikali huleta mvua. Neyman na wenzake walizipitia takwimu za majaribio yaliyofanywa kwa bahati nasibu. Hawakuyaona madai makubwa yakisimama, na katika jaribio moja lililofanyika Missouri siku za kunyunyizia zilionekana kupata mvua kidogo zaidi. Kwa watu wanaotazama mbingu wakiwa na njaa, kusikia hivyo huuma. Lakini tumaini la uongo linalolipiwa fedha huuma zaidi.

Taifa la Marekani lilimtunuku Nishani ya Kitaifa ya Sayansi ya mwaka wa 1968. Aliendelea kufanya kazi hadi siku zake za mwisho, na akafariki dunia Agosti 5, 1981, mjini Oakland, akiwa na umri wa miaka 87.

Mwaka huohuo wa 1981, mbali sana na California, wagonjwa 20 wenye maradhi ya ini walilazwa hospitalini katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Kati yao, 12 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini. Lilikuwa onyo, na miaka 23 ikapita kabla ya maafa makubwa zaidi kuja.

Yalipokuja, wachunguzi wa mwaka wa 2004 walifanya kile ambacho Neyman angekitambua papo hapo. Walichukua wagonjwa 40, na kwa kulinganisha wakachagua watu 80 wasiougua, kwa bahati nasibu. Walipima mahindi yaliyokuwa katika nyumba za makundi yote mawili. Walianza kwa kuchukulia kwamba hapakuwa na tofauti yoyote, kisha wakaacha vipimo viamue.

Wastani wa sumu katika mahindi ya wagonjwa ulikuwa takriban sehemu 354 kwa kila sehemu bilioni, dhidi ya sehemu 44 katika nyumba za wasiougua. Kama kweli pasingekuwa na tofauti, pengo kubwa kiasi hicho au zaidi lingejitokeza kwa sadfa kama mara 4 tu katika kila mara 100. Dhana ya kutokuwa na tofauti ikakataliwa.

Lililogusa maisha ya kila siku zaidi lilikuwa swali la uhifadhi. Waliougua walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, badala ya ghalani, mara nyingi zaidi kuliko wasiougua. Kwa kipimo cha uwiano wanachotumia wataalamu, ambapo 1 humaanisha hakuna tofauti, jibu lilikuwa 12. Lakini wachunguzi hawakuishia hapo. Walitoa pia masafa ya kuaminika ya asilimia 95: kutoka 1.5 hadi 95.7.

Tarakimu hizo mbili zastahili kusomwa polepole. Upana wake ni mkubwa mno, kwa kuwa wagonjwa 40 ni sampuli ndogo, na kwa hivyo hakuna aliyeweza kudai kwamba anajua ukubwa kamili wa hatari hiyo. Huenda ilikuwa ndogo, huenda ilikuwa ya kutisha. Hata hivyo, mwisho wa chini wa masafa hayo uko juu ya 1. Kuhusu mwelekeo wa hatari, vipimo vilisema kwa sauti moja: mahindi mabichi yasilale ndani ya nyumba. Mshauri wa kilimo angeweza kuifikisha habari hiyo kijijini bila kungoja tarakimu iliyo kamili zaidi.

Kuna jambo jingine katika matokeo hayo ambalo kipimo cha tofauti pekee kingelificha. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria nchini Kenya wakati huo kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Majirani wasiougua, wale wa sehemu 44, nao walikuwa wakila mahindi yaliyozidi kiwango hicho mara mbili na zaidi. Uchunguzi uliofanywa masokoni ulithibitisha hali hiyo: kati ya sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko 65, asilimia 55 zilizidi kiwango cha sheria. Kipimo kiliulizwa iwapo makundi mawili yanatofautiana, nacho kikajibu. Hakikuulizwa iwapo kundi la pili lilikuwa salama.

Serikali iliwatahadharisha wakazi dhidi ya mahindi yaliyoshukiwa na kugawa chakula cha kubadilisha yaliyoharibika. Kwa familia iliyoona gunia lake la mwisho likichukuliwa, huenda lilikuwa gunia safi. Kosa la kwanza lilikuwa na wahanga wake, na walikuwa watu wenye njaa. Lakini kosa la pili lilikuwa limekwisha kuzika watu 125.

Baadaye Kenya ilikiteremsha kiwango kinachoruhusiwa hadi sehemu 10 kwa bilioni, na wakulima wa Ukambani wakafunzwa kuanika mahindi juu ya turubai na kuyakausha barabara kabla ya kuyatia kwenye magunia. Kila hatua kama hiyo ni uamuzi kuhusu kosa lipi livumiliwe na lipi lisivumiliwe. Neyman aliyeanzia kwenye mashamba ya Bydgoszcz hakumwambia mtu achague lipi. Alisisitiza tu kwamba uchaguzi huo ufanywe kabla ya sampuli kuchotwa, na kwamba anayeufanya aandike ni mara ngapi katika kila mia yuko tayari kukosea.